Julai hii imeingia na maji: maswali yenu ya baridi, mvua na kusi

Mwezi huu nilikuwa nimeandaa majibu ya mchwa kwenye makuti na bei ya boriti, nimeyaweka kando yote. Meseji zimemiminika kutoka Barani, Maweni, Ganda, Msabaha mpaka Amu (Lamu) na karibu zote zauliza jambo moja, mbona Julai yafanya kama Mei. Mimi nimefurahi, manake kupima mvua ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, nina kipimo uani hapa Malindi na daftari jikoni na kila asubuhi saa tatu huniambii kitu mpaka niandike. Kwa hivyo safu nzima leo ni hali ya hewa. Nimezipunguza barua kidogo ziingie.

Ami, salama? Mie nakaa Barani. Nguo nafua Jumatatu, Alhamisi bado zina unyevu, kanga zanuka, watoto waenda skuli na sweta, chumvi kwenye kopo imeshikana bonge moja. Simu yangu yasema digrii 24. Dada yangu alioko Nairobi nikimwambia tunaona baridi yuwanicheka, ati 24 kwao ni joto. Nani mkweli hapo, mie, dada ama simu?
*Mama watoto, Barani*

Salama mamangu. Wewe na dadako nyote wakweli, simu ndiyo ya kutiliwa shaka kidogo, nitakwambia kwa nini.

Huu ni wakati wa kipupwe. Kila mwaka kuanzia Juni hivi mpaka Agosti, kusi ndio mwenye nyumba. Yatoka kusini mwa Bahari ya Hindi ambako saa hizi ndio katikati ya baridi yao, yapita juu ya maji masafa marefu, ikifika kwetu imebeba ubaridi na unyevu kwa pamoja. Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi kuliko yote hapa Malindi, kawaida mchana wafika digrii 27 au 28 na usiku washuka 22 au 23. Ukiliweka kwenye karatasi laonekana jambo dogo, kutoka Machi mpaka Julai ni digrii chache tu, lakini Machi watu hutandika mikeka barazani manake ndani hakulaliki na saa hizi twatafuta mablanketi.

Sasa kwa nini 24 iume. Umewahi kuona maji ya mtungi yanavyopoa? Udongo wavuja jasho, upepo walikausha lile jasho, na likikauka laondoka na joto la maji yaliyo ndani. Mtoto wako akilowa manyunyu njiani akitoka skuli na kusi ikampiga, ndiyo amekuwa mtungi. Ngozi haipimi joto peke yake, yapima joto na upepo na majimaji kwa wakati mmoja. Na nyumba zetu zimejengwa kupitisha upepo, makuti juu, matundu ukutani, madirisha yatazama bahari, zimejengewa Machi hazikujengewa Julai kama hii. Dadako Nairobi ana baridi kutuzidi, usiku hasa, na mbingu yao Julai huwa ya kijivu siku nzima lakini mvua kidogo, na yeye ana koti na zulia. Mtu huzoea kwake.

Kanga hazikauki kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji, haina pa kuyaweka mengine. Usingoje jua. Anika ukumbini penye upepo wa kupita ama chini ya feni, uziachanishe, kanga moja kamba moja. Kwenye chumvi tia punje za mchele.

La simu: ile 24 mara nyingi haikupimwa Barani. Programu nyingi zachukua hesabu za kompyuta zilizopigwa kwa eneo kubwa, nusu bahari nusu nchi kavu, kisha zakuandikia "Malindi". Mara nyingi zakaribia. Kwa mvua ndiyo zakosea sana, na hilo lina barua yake hapa chini.

Je, si kawaida? Julai yetu huwa na mvua, wazee waiita mchoo, yaja ghafla yalowesha uwanja, nusu saa jua limetoka na kuku wamerudi kuchakura. Mwezi wa mvua nyingi kabisa ni Mei, na kwa mwaka mzima Malindi hupata milimita 1,000 na kitu. Julai huwa chini sana ya Mei. Mwaka huu mchoo umekataa kuwa mchoo. Imekuwa mvua ya kukaa, yaanza usiku wa manane mpaka adhuhuri, mawingu yako chini unaona kama utayagusa na mnazi, na mpaka naandika hapa nimeandika sifuri mara nne tu mwezi mzima. Kwenye daftari langu hakuna Julai kama hii. Lakini daftari langu ni uani kwangu tu, na wanaosema "kawaida" kwa maana kamili huchukua wastani wa miaka 30, sasa hivi yatumika 1991 mpaka 2020, kwa hivyo sitasema ni rekodi mpaka idara ya hali ya hewa yenyewe iseme.

Ami mimi niko form three. Nimetengeneza kipimo cha mvua cha chupa ya soda nikaweka juu yake faneli kubwa ya plastiki ili ishike mvua vizuri, chini nimekata nikabandika rula. Ijumaa usiku nilipata milimita 44. Rafiki yangu wa Ganda amepata 9, amekata chupa tu hana faneli. Tumebishana sana kwenye grupu la darasa. Nani amekosea? Chupa yangu ni sentimita 8 upana na faneli mdomo wake ni sentimita 16.
*Kijana wa Maweni*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, na umefanya jambo kubwa sana kuweka vipimo vya chupa na faneli manake bila hivyo nisingeweza kukusaidia.

Tatizo ni ile faneli. Mdomo wake ni mpana mara 2 kuliko chupa, lakini eneo lake si mara 2, ni mara 4, kwa sababu eneo la duara lafuata upana mara upana. Yaani faneli yako imekusanya mvua ya eneo la chupa 4 ikaimwaga kwenye chupa 1, na rula ikasoma kimo cha maji ya chupa 4. Gawanya 44 kwa 4, wapata 11. Rafiki yako ana 9. Mmetofautiana milimita 2 na Ganda ni kilomita kadhaa kutoka kwenu, kwa hivyo nyote wawili mmepima vizuri na hakuna wa kubishana naye.

Milimita 1 ya mvua maana yake ni lita 1 kwa kila mita mraba, basi. Paa la bati la mita mraba 40 kwa milimita 11 lakupa lita 440, toa zilizomwagika na zilizoruka. Ukiifikiria hivyo utaona kwa nini mamako aweka pipa chini ya mfereji wa paa.

Ukitaka kubaki na faneli yako, wala usiitupe ni nzuri, achana na rula. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, lisilo na sindano, upime maji yote yaliyoingia. Kisha: nusu ya upana wa faneli ni 8, mara 8, mara 3.14, wapata eneo la sentimita mraba 201. Mililita ulizopata gawanya kwa 201 kisha zidisha kwa 10, hiyo ndiyo milimita ya kweli. Ukipata mililita 221 basi ni milimita 11.

Na kama ni chupa bila faneli pana, kata sehemu ya juu uigeuze kichwa chini uitie ndani yake, inazuia maji kuruka na kukauka. Chini ya chupa ya soda kuna vile vibonde, tia changarawe na maji mpaka pale pande zinapoanza kunyooka, hapo ndipo sifuri yako. Usipofanya hivyo mvua ndogo yote yajificha kwenye vibonde na wewe waandika hakuna.

Mahali pa kuiweka ndiko watu hukosea. Mtu huiweka karibu na ukuta ama chini ya muembe kwa kuogopa isipeperushwe na kusi, halafu ukuta wazuia mvua upande mmoja na majani yaendelea kudondosha maji saa nzima baada ya mvua kukatika. Iweke wazi, mbali na ukuta angalau mara 2 ya kimo cha ukuta wenyewe, ifunge kwenye kijiti, mdomo uwe sawa haukuinama. Soma jicho likiwa usawa wa maji, utaona maji yamepanda kidogo kwenye kingo, wewe soma pale katikati palipo chini. Saa tatu asubuhi, kila siku, hata kama haikunyesha, manake sifuri nayo ni kipimo. Vituo vya idara husoma saa hiyohiyo, na kuna kituo hapa Malindi na kingine cha kilimo kule Msabaha, kwa hivyo mkisoma saa tatu namba zenu zaweza kulinganishwa na zao.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Usiku mwingine utapata 30 na rafiki yako wa Ganda atapata 2, faneli ikiwa imeshahesabiwa vizuri, na itakuwa kweli. Mvua ya kipupwe hapa pwani hupenda usiku na alfajiri. Usiku nchi kavu yapoa, upepo mwepesi watoka nchini kwenda baharini, huko wakutana na kusi yaja, hewa haina pa kwenda ila juu, mawingu yajengeka pale karibu na miamba na alfajiri yasukumwa yaingia. Wingu moja laweza kumwaga Shella na Maweni lisifike Ganda kabisa. Na ukizidi kwenda bara, njia ya Langobaya na Baricho, mvua yapungua haraka sana, kuna wakati huku twaogelea na kule watu wanatazama mbingu. Hiyo simu haioni, wala mimi sioni nikiwa uani kwangu. Yaonwa na nyinyi wawili mkiwa na chupa mbili. Mkipata mwenzenu wa tatu Mambrui na wa nne Gede mtakuwa na kitu ambacho mji huu haujawahi kuwa nacho, na nawaomba msiache Agosti ikiingia.

Mimi nafanya kazi hoteli upande wa Casuarina. Wageni wa Kiitalia washaanza kuja, waja kwa sababu kwao ni likizo ya jua, wafika hapa wanakuta mawingu na bwawa la kuogelea la baridi. Mmoja aliniuliza, ikweta iko hapo juu kidogo tu mbona baridi? Sikuwa na jibu. Na Mwingereza mmoja mzee akasema kwao pia Julai yaweza kuwa mvua mwezi mzima. Ni kweli ama alitaka kunifariji?
*Mhudumu, Malindi*

Ni kweli kabisa.

Anza na ya ikweta. Malindi tuko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko utosini, kivuli chako wakikanyaga. Saa hizi limeegemea kaskazini, toka nje saa sita utazame kivuli, chaelekea kusini. Lakini halijaegemea sana, kwa jua peke yake Julai yetu isingekuwa na tofauti kubwa na Januari. Kinachotupoza ni kusi na mawingu yake na bahari. Bahari ya hapa ina joto zaidi Machi na Aprili, kama digrii 29, na Agosti yashuka mpaka kama 25. Mwambie mgeni wako yuko kando ya ikweta lakini upepo unaompiga umetoka kwenye baridi ya kusini.

Na mwambie jambo la pili, hili mimi hunisisimua kila mwaka. Hii kusi haiishii kwetu. Juu yetu, kama kilomita 1 na nusu angani, kuna mkondo wa upepo wenye nguvu sana, Julai ndio wakati wake mkali, wapita hapa pwani, wavuka ikweta, wakata kona pale Somalia kuelekea Bara Hindi. Mtaalamu Mwingereza J. Findlater aliueleza mwaka 1969 na wataalamu wengine wauita kwa jina lake hadi leo. Maji unayoyaona juu ya TV yakinyesha Mumbai, sehemu yake yamepita juu ya paa lako.

Ya Mwingereza: kiangazi cha Ulaya si ahadi. Juni 2012 ilikuwa ndiyo Juni ya mvua nyingi zaidi Uingereza katika rekodi zao za nchi nzima kuanzia 1910. Kuna upepo wa juu sana, kilomita 10 hivi, ambao kiangazi kawaida hupita kaskazini mwao ukiburuta mvua huko. Mwaka ule ulishuka kusini ukakaa, mvua moja ikifuata nyingine, wiki baada ya wiki. Na 1816 ilikuwa mbaya kushinda yote, mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka Aprili 1815 ukajaza anga moshi wa kiberiti (salfa), mwaka uliofuata theluji ikaanguka Juni kaskazini mashariki mwa Marekani na mavuno ya Ulaya yakaharibika, watu wakala njaa. Mzee wako ajua anachosema. Mpe kahawa ya tangawizi.

Ami, mie mvuvi wa hapa Shella Malindi. Mwanangu ameninunulia simu yenye kupima mgandamizo wa hewa. Kila alasiri namba yashuka naogopa kimbunga, asubuhi yapanda. Siku tano sijatoka. Nifuate simu?
*Mvuvi, Shella*

Ndugu yangu, ile simu yapumua na hewa yenyewe. Huku kwenye joto mgandamizo hupanda na kushuka mara 2 kila siku kama maji, wapanda saa nne asubuhi na saa nne usiku, washuka saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, jua likipasha hewa ya juu ndiyo sababu. Ukiona tofauti ya 2 au 3 (hPa) kwa siku usishtuke. Ya kuangalia ni kama saa nne ya leo iko chini sana ya saa nne ya jana na ya juzi, saa ileile kwa saa ileile.

Vimbunga haviwezi kujizungusha vizuri karibu na ikweta na ndiyo sababu sisi huvikosa, lakini "kukosa" si sawa na kuwa salama. Mei 2024 Hidaya alifika Tanzania, na baadaye mwezi uleule Ialy hakutua kwetu lakini upepo wake mkali uliifikia pwani ya Kenya. Kwa kutoka ama kutotoka, sikiliza taarifa ya bahari ya idara ya hali ya hewa, wakisema upepo utazidi noti 25 usitoke na dau lako, hata kama mbingu ni nyeupe. Kusi ya mwaka huu imekuwa na vipindi vikali na bahari imechafuka, wewe wajua zaidi yangu. Siku tano za kukaa nyumbani najua maana yake kwenye sufuria, na pole sana.

Maua ya maembe yangu Msabaha yamekuwa meusi na kupukutika. Ni mvua ama kuna mtu?
*Mkulima*

Ni mvua, usimshuku jirani. Hiyo ni chule, kuvu linalopenda ua lililolowa. Maua yakikaa na maji usiku kucha, siku kadhaa mfululizo, laingia. Okota yaliyoanguka uyachome, pogoa matawi ya ndani upepo upite, na dawa ya shaba hupigwa kabla ya mvua na si baada, ila kwanza muite afisa wa kilimo alione ua lenyewe, manake ukiona unga mweupe badala ya weusi hiyo ni ubwiri unga na dawa yake ni nyingine. Mara nyingi muembe hutoa maua kwa awamu. Yatakayokuja mvua ikipungua yaweza kuokoka.

Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Langoni, Amu. Marehemu babangu alikuwa nahodha wa jahazi, na aliweka daftari la mvua na pepo kwa khati za Kiarabu, akihesabu kwa miongo kuanzia siku ya mwaka, wala si kwa Januari na Februari. Sasa nina mambo mawili. La kwanza, watu hapa wasema Julai ikiwa ya maji namna hii basi vuli itakuwa gharika kama ya 1997. Je, ni kweli? La pili, nimelitoa lile daftari nione mzee aliandika nini mwaka 1961, ambao twakumbuka vuli yake, na kurasa zimeshikana. Unyevu wa mwezi huu umeingia kabatini.
*Mwalimu mstaafu, Langoni*

Waalaykum salaam Mwalimu wangu, na shikamoo. Barua yako ilifika usiku nikashindwa kulala.

Kwa wasomaji wetu vijana: wazee walikuwa na mwaka wao wa jua, siku 365, umegawanywa miongo 36 ya siku kumikumi, kisha zabaki siku 5. Mwezi mwandamo wafaa kwa ibada, na kwa maji ya bamvua na maji mafu, lakini wazunguka misimu yote, huwezi kulima nao wala kusafiri nao. Kwa hivyo nahodha na mkulima walihesabu miongo, na mtu alijua mwongo wa ngapi kusi yafungua na mwongo wa ngapi jahazi lirudi. Unguja, Makunduchi, mpaka leo Mwaka Kogwa, sherehe ya kufungua mwaka huo, hufanywa Julai, yaani mwezi huuhuu.

Swali la vuli. Julai ya maji peke yake haitabiri vuli. Mvua ya saa hizi yaletwa na kusi ikigonga pwani. Mvua ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, yategemea joto la bahari nzima kutoka kwetu mpaka Indonesia. Mwaka ambao maji ya upande wetu yana joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yamepoa, mawingu yahamia kwetu na vuli yavimba. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ndivyo 1997, ndivyo 2019. Watu wote huita El Niño lakini hiyo ni ya bahari ya Pasifiki, na 1961 na 2019 zatuonyesha gharika yaweza kuja bila El Niño kubwa. 1997 zilikuja zote mbili kwa pamoja. Kwa hivyo wanaotaka kujua vuli ya mwaka huu wasitazame matope ya Julai, wangoje utabiri wa msimu ambao idara hutoa kabla ya Oktoba, na hata huo hutolewa kwa uwezekano, hautaji siku.

Lakini Mwalimu, sisemi watu wa Langoni wamekosea kuuliza. Kuna njia moja tu ya kujua Julai ilikuwaje hapo Amu kabla ya vuli ya 1961, na iko kabatini kwako imeshikana. Vipimo vya zamani vya vituo vyasema milimita. Nahodha aandika mengine, upepo uligeuka usiku gani, mvua ilitoka upande gani, jahazi lipi halikutoka Matondoni na kwa nini. Hayo hakuna mashine iliyoyaweka.

Kwa hivyo nakuomba kwa heshima yote: usizibandue kurasa. Usitie kisu, usilianike juani, jua litazikunja na wino utapauka, na kama wino ni ule wa zamani wa masizi unyevu waweza kuusambaza ukigusa na kidole. Lilaze chumba chenye feni lakini feni isilipulizie moja kwa moja, kurasa zilizoachana zenyewe tia karatasi nyeupe kavu katikati, isiyo na maandishi, ubadilishe kila baada ya saa kadhaa. Zilizoshikana ziache zishikane. Ukiona kuvu linaanza, zile nukta za kijani ama nyeusi, lifunge kwenye mfuko safi wa plastiki uliweke kwenye friza, halitatengeneza kitu lakini litasimamisha kuvu mpaka apatikane mwenye ujuzi. Hapo Amu kuna makumbusho, nenda ukawaeleze, waulize nani kwao ashughulika na karatasi za zamani, usiliache kwao bila stakabadhi. Na kabla ya lolote, kurasa zinazosomeka zipigwe picha leo, moja moja, karibu na dirisha bila flashi, wajukuu watakusaidia.

Mimi nitakuja. Nitachukua gari la asubuhi mpaka Mokowe nivuke na boti, nikifika natafuta kwa jina la marehemu, Langoni watanionyesha. Nitakuja na karatasi kavu za kutosha na kamera ya mwanangu, na kama utaniruhusu nitakaa nawe tunakili mwongo kwa mwongo, wewe usome khati mimi niandike. Nijulishe tu kama Alhamisi hii uko, manake Ijumaa ningependa kuswali huko kisha turudi mezani.